Siku nne bila kaunta: kisa cha kaya moja, Krismasi ya 2020

Kisa na mipaka yake

Hiki ni kisa cha mama mmoja na mwanawe katika wilaya moja ya kusini-mashariki mwa England, kati ya tarehe 19 Desemba 2020 na katikati ya Januari 2021. Mama nitamwita Bi Z., mwanawe K.; herufi hizo hazitoki kwenye majina yao. Mji, halmashauri, zahanati na duka la dawa sivitaji, na mambo madogo nimeyageuza ili familia isitambulike.

Wakati huo nilikuwa mratibu wa simu ya msaada ya halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo sisimulii kama mtu aliyekuwa amesimama pembeni. Baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu, na moja nililitengeneza kwa mkono wangu miezi 9 kabla ya siku lilipotuumbua.

Usuli

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia "halmashauri" huwaza chombo kimoja. Sehemu nyingi za England nje ya miji mikubwa zina viwili juu ya ardhi ileile. Halmashauri ya wilaya hushughulika na nyumba, taka, ruzuku ya pango na kodi ya halmashauri. Halmashauri ya kaunti hushika ustawi wa jamii, shule, barabara na afya ya umma. Zahanati na hospitali haziko chini ya yeyote kati yao. Hizo ni za huduma ya afya ya taifa, NHS. Mgonjwa mmoja, milango mitatu.

Korona ilipoingia, mambo yakagawanywa kufuata milango hiyohiyo. Orodha ya watu walio hatarini zaidi kiafya, wale walioandikiwa barua wajikinge nyumbani, iliandaliwa na NHS, ikaenda kaunti, nasi wilayani tukawa tunapata vipande vyake. Malipo ya pauni 500 kwa mfanyakazi wa kipato cha chini aliyeamriwa kujitenga, yaliyoanza tarehe 28 Septemba 2020, yalipitia wilayani. Ruzuku ya majira ya baridi, pauni milioni 170 kwa England nzima kuanzia tarehe 1 Desemba, katika maeneo kama yetu ilipitia kaunti, na angalau asilimia 80 yake ilipaswa kwenda kwa kaya zenye watoto. Yeyote aliyewahi kutumwa "nenda dirisha la pili" anajua kisa hiki kinaelekea wapi.

Kalenda nayo haikutusaidia. Krismasi ya 2020 iliangukia Ijumaa. Tarehe 26 ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo mapumziko yake yalisogezwa hadi Jumatatu tarehe 28. Zahanati yetu, ofisi zetu na maduka mengi ya dawa vilifunga Alhamisi mchana na kufungua Jumanne asubuhi. Halafu Ijumaa iliyofuata, mwaka mpya.

Serikali ilikuwa imeahidi kwamba kuanzia tarehe 23 hadi 27 Desemba kaya zisizozidi tatu zingeruhusiwa kukutana. Jumamosi alasiri ya tarehe 19 Waziri Mkuu Boris Johnson akatangaza kwamba London na maeneo mengi ya kusini-mashariki na mashariki yangeingia Daraja la 4, lile lenye masharti makali kuliko yote, usiku huohuo, kwa sababu ya aina mpya ya kirusi iliyogunduliwa Kent ambayo ilikuwa inaenea kwa kasi. Ahadi ya siku tano ikafutwa katika maeneo hayo. Kwingineko England ikabaki siku moja tu. Walio hatarini zaidi wakaambiwa warudi kujifungia. Tulisikia tangazo hilo kwenye televisheni, saa ileile walipolisikia watu ambao ingetubidi kuwahudumia. Likizo za wafanyakazi zilikuwa zimeshaidhinishwa.

Bi Z. alikuwa na miaka 67. Ana pumu kali ya muda mrefu, ya kulazwa na ya vidonge vya steroidi karibu kila majira ya baridi, na alikuwa kwenye orodha tangu mwanzo. Amezaliwa Afrika Mashariki na ameishi England zaidi ya miaka 20. Kiingereza chake kinamtosha sokoni na kwa daktari. K., kijana wa miaka ya thelathini, alikuwa akifanya kazi ghalani kupitia wakala wa ajira. Umeme wao ulikuwa wa mita ya kulipia kabla, Luku ya huku, ila badala ya tarakimu unajaza funguo ya plastiki dukani.

Mfululizo wa matukio

Jumamosi tarehe 19 K. alianza homa. Jumapili akapima, Jumanne tarehe 22 akapata jibu: ameambukizwa. Kwa kanuni za wakati huo kaya nzima ilitakiwa kukaa ndani siku 10 tangu dalili zilipoanza, yaani hadi mwisho wa tarehe 29. Siku hiyohiyo ya Jumanne Bi Z. akaanza kukohoa.

Jumatano tarehe 23 K. aliwasiliana na watu watatu. Zahanati ilikubali kumwingiza mama kwenye mpango wa kupima oksijeni nyumbani: anapewa oksimita, kile kibanio cha kidoleni, pamoja na karatasi ya kuandika vipimo mara tatu kwa siku. Karatasi hiyo ilikuwa wazi kabisa. Asilimia 95 na kuendelea, kaa utulie. 93 au 94, piga zahanati au namba 111, ile ya ushauri wa afya. 92 kushuka chini, piga 999, namba ya dharura, au nenda hospitali. Kisha K. akajaza maombi ya pauni 500 kwenye tovuti yetu. Mwisho akapiga simu ya msaada. Mwenzetu aliyepokea alijaza fomu: chakula, ndiyo; dawa, ndiyo; umeme, hakuulizwa. Kwenye kisanduku cha "Hali ya afya" akaweka alama kwenye "nzuri", kwa sababu alipomwomba K. amuulize mama, sauti ya mama ilisikika kwa mbali ikisema yu mzima, Mungu ni mwema.

Alhamisi tarehe 24 ilikwenda vizuri kwa namna inayodanganya. Kijana wa kujitolea alichukua oksimita zahanati, akapita duka la dawa, akapakia boksi la chakula, akaviacha vyote mlangoni, akagonga na kurudi nyuma mita mbili. Kwenye kompyuta yetu kaya ile ikageuka rangi ya kijani. Saa 7 mchana tukafunga laini.

Saa 1 usiku K. alifungua mfuko wa dawa. Ndani mlikuwa na inhela ya kahawia, ile ya kinga ya kila siku. Ya bluu, ile ya kutuliza mtu anapobanwa, haikuwemo. Iliyokuwa nyumbani ilibakiza mipulizo michache. K. alipiga kwetu akakuta ujumbe wa kutakiwa sikukuu njema.

Ijumaa tarehe 25, saa 5 asubuhi, mwenzetu mmoja alimpigia Bi Z. kwa utaratibu nitakaoueleza chini. Oksijeni 94. "Anajisikia vizuri." Kwenye sehemu ya "mengineyo" aliandika: mama amelala kwenye kiti. Jioni K. aliona 94 tena, akafuata karatasi, akapiga 111. Alisubiri kwa muda mrefu, mama akamwambia aachane nao, akakata.

Usiku nilisoma maelezo ya siku nzima jikoni kwangu. Mstari mmoja tu ndio ulionizuia kulala: amelala kwenye kiti. Marehemu bibi yangu alikuwa na pumu. Najua mtu wa pumu anapohamia kwenye kiti usiku ina maana gani. Nikamwomba mwenzangu tubadilishane majina.

Jumamosi tarehe 26 saa 4 asubuhi nilipiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akacheka kidogo, hakutegemea Kiswahili kutoka halmashauri.

"Habari za hapo?"

"Nzuri."

"Za usiku?"

"Nzuri. Tunashukuru."

"Na kifua?"

Kimya. "Kifua, mwanangu, ndiyo hicho." Pumzi. "Kinabana." Pumzi. "Ile pampu ya bluu imekwisha tangu jana."

Kipimo cha asubuhi kilikuwa 93. Nilimwomba K. achukue simu, nikamwambia akate apige 999, mimi nitapiga tena baada ya dakika 10. Mama alikuwa akisikia. "Leo sikukuu," alisema, "waacheni watu wale na watoto wao."

Gari la wagonjwa lilifika baada ya zaidi ya saa mbili. Wahudumu walimtembeza hatua chache ndani ya chumba na kipimo kikaanguka hadi 88. Waliondoka naye. K. hakuruhusiwa kumsindikiza. Simu ya mama iliondoka bila chaja, na kwa siku mbili K. alikuwa akipiga wodini na kuambiwa asubiri muuguzi.

Jumanne tarehe 29, saa 4 asubuhi, umeme wa K. ukakatika. Kampuni nyingi za umeme hazikati mita hizi usiku, mwisho wa wiki wala sikukuu. Deni hujikusanya kimyakimya, na saa za kazi zinaporudi mita hujifunga. K. alikuwa ametumia pia salio la dharura. Alitupigia. Tulimpeleka kaunti, kwenye ruzuku ya majira ya baridi. Kaunti wakauliza kama kuna mtoto nyumbani, kisha wakasema maombi ya kaya zisizo na watoto yanapitia wilayani. Alipiga kwetu mara ya pili akiwa na asilimia 6 za chaji.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulifanyika Alhamisi saa 6 mchana, kabla ya kufunga. Nilikuwa na orodha ya ukurasa mmoja wa kaya zenye mtu mgonjwa au aliye kwenye orodha ya hatari, ambazo zingekaa siku nne bila mtu wa kuziuliza. Mpango rasmi ulikuwa ujumbe kwenye mashine ya kupokelea simu: dharura piga 999, ushauri wa afya piga 111, mengine turudi Jumanne. Nilipendekeza sisi ndio tuwapigie wao. Watu wawili, mimi na mwenzangu, kila kaya ipigiwe mara moja kwa siku, saa ileile, na mtu yuleyule.

Bosi wangu alikuwa na pingamizi tatu na zote zilikuwa za haki. Nani atalipa saa za sikukuu? Taarifa za wagonjwa zitakaaje jikoni kwa wafanyakazi? Na tukimwambia mtu neno la kitabibu likawa baya, nani atawajibika? Tulikubaliana hivi: saa zitafidiwa kwa mapumziko, orodha itakaa kwenye kompyuta ya ofisi tu, na tutauliza maswali matatu yaliyoandikwa. Umekula? Una dawa? Unajisikiaje? Tukikuta tatizo la afya, tunamwelekeza mtu 111. Hatushauri.

Uamuzi wa pili ni wangu peke yangu, na niliufanya kwa sekunde chache. Kwa mujibu wa makubaliano yale ningemwambia K. apige 111. Karatasi ya oksimita pia ilisema hivyo kwa kipimo cha 93. Nilisema 999. Nilikuwa na mambo matatu mezani: dawa ya kutuliza haipo, amelala ameketi usiku wa pili, na sentensi fupi anaimaliza kwa awamu tatu. Upande wa pili niliona gharama: gari la wagonjwa katika wiki ambayo hospitali za kusini-mashariki zilikuwa zinafurika, na mama wa miaka 67 kupelekwa mahali penye wagonjwa wa korona kila kona. Kama angekutwa hana shida, ningekuwa nimemtisha bure na kuvunja utaratibu nilioupigania siku mbili kabla.

Uamuzi wa tatu ulihusu umeme. Badala ya kuendelea kubishana na kaunti, nilimtuma kijana wa kujitolea akachukue ile funguo ya mita. K. aliitupa nje kupitia tundu la barua ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ikafutwa kwa dawa, ikajazwa pauni 30 kutoka kasma yetu ndogo ya dharura, ikarudishwa. Saa 9 alasiri taa ziliwaka. Kaunti tuliwaandikia baadaye kudai zile pauni 30, tukakataliwa kwa sababu hatukuwa tumejaza fomu kabla ya matumizi.

Matokeo

Bi Z. alilazwa siku 9. Alipewa oksijeni na deksamethasoni, dawa ya bei nafuu ambayo jaribio la RECOVERY lilionyesha Juni 2020 kwamba inapunguza vifo kwa wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni. Hakufika chumba cha wagonjwa mahututi. Alirudi nyumbani Jumatatu tarehe 4 Januari 2021, jioni ileile England nzima ilipotangaziwa kufungwa tena.

Maombi ya K. ya pauni 500 yalirudishwa tarehe 29 kwa kukosa namba ya utambulisho ya mfumo wa ufuatiliaji wa maambukizi. Namba hiyo ilikuwa kwenye ujumbe wa simu yake muda wote. Alilipwa katikati ya Januari. Katika siku zile alizojitenga, kipato chake kilikuwa posho ya ugonjwa ya kisheria, pauni 95.85 kwa wiki.

Uchambuzi: neno "nzuri"

Fomu ya simu ya msaada niliiandika mimi, Machi 2020, usiku mmoja, wakati hakuna aliyejua tutapokea simu ngapi. Kisanduku cha "Hali ya afya: nzuri / si nzuri" ni changu. Nilikiweka ili mpokea simu asipoteze muda.

Mswahili yeyote angenikataza. Kwetu "nzuri" haijibu swali, hufungua mlango. Mtu aliyefiwa asubuhi ataulizwa habari naye atajibu nzuri, salama, twashukuru, kisha, baada ya kuulizwa za nyumbani, za watoto, za tangu juzi, ndipo "ila" inapotokea. Habari yenyewe iko nyuma ya "ila". Anayeuliza mara moja na kuandika anachosikia ameandika salamu, hajaandika hali. Nami, niliyelelewa kwenye salamu hizo, nilikaa kwenye kiti cha ofisi nikatunga fomu inayoishia kwenye salamu.

Nisingependa ieleweke kwamba hili ni la Waswahili tu. Wazee wa Kiingereza kwenye orodha ileile walitujibu kwamba hawataki kutusumbua, na wengine walikuwa wanaumwa kweli. Tofauti ni kwamba wapokea simu wetu, Waingereza wengi wao, waliisikia ile ya kwao na kuendelea kuuliza. Ya Bi Z. waliipokea kama taarifa.

Tulichobadilisha kabla ya mwaka mpya ni maswali. "Unajisikiaje?" ikaondoka. Badala yake: Jana usiku umelala wapi, na umelalaje? Ni kitu gani ulikifanya juzi ambacho leo kimekushinda? Mara ya mwisho kutumia inhela ya bluu ni lini, na imebaki mipulizo mingapi? Hayawezi kujibiwa kwa "nzuri".

Uchambuzi: mfuko uliofungwa

Hapa ndipo tulipoteza saa nyingi zaidi, na hakuna aliyefanya kosa. Kijana wa kujitolea amekatazwa kufungua mfuko wa dawa za mtu, na katazo hilo ni sahihi. Duka la dawa lilitoa kilichoandikwa kwenye maagizo ya daktari. Zahanati iliidhinisha maombi ya kurudiwa kwa dawa yaliyotumwa tarehe 21, na kwenye maombi hayo inhela ya bluu haikuwekewa alama, kwa kuwa siku hiyo bado ilikuwepo. Kila mtu alifanya kazi yake. Mfuko ukafika umefungwa vizuri, na pengo likiwa ndani yake.

Suluhisho lilikuwa dogo mno. Mtu wa kujitolea anaacha mfuko, anarudi nyuma, haondoki. Anamwomba mpokeaji aufungue palepale mlangoni na kusoma kwa sauti kilichomo, huku akiulizwa: kuna unachotumia ambacho hakimo? Dakika moja. Kama tungefanya hivyo Alhamisi saa 6 na nusu, duka la dawa lilikuwa bado wazi.

Hata usiku ule njia ilikuwepo. Sheria ya England inamruhusu mfamasia kutoa dawa kwa dharura bila maagizo mapya kwa mgonjwa anayeitumia siku zote, na namba 111 inaweza kumwelekeza mgonjwa kwenye duka lililo na zamu ya sikukuu. K. hakujua. Kijana wa kujitolea hakujua. Ujumbe wetu kwenye mashine haukusema. Tulikuwa tumerekodi sekunde 40 za heri za Krismasi, na sentensi moja kuhusu dawa iliyokwisha ingetosha kwenye nafasi hiyo.

Uchambuzi: namba kwenye kidole

Oksimita ilisaidia, na mpango wa kuzigawa nyumbani ulikuwa mzuri. Kirusi hiki kinaweza kumshusha mtu oksijeni kabla hajahisi kukosa pumzi, na kibanio kile hukiona mapema. Lakini kipimo kinahitaji msomaji. Karatasi ya Bi Z. ilijazwa kwa uaminifu, mara tatu kwa siku, kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani, na kati ya Alhamisi na Jumanne hakuna mtu wa zahanati aliyepangiwa kuiona. Mwenzangu aliyesikia 94 siku ya Krismasi hakuwa na ile karatasi; kwake ilisikika kama maksi nzuri za mtihani.

Kuna jambo jingine nililolijua wiki kadhaa baadaye. Tarehe 17 Desemba 2020, siku 9 kabla ya simu yangu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo katika jarida la New England Journal of Medicine yakionyesha kwamba oksimita huwapa wagonjwa weusi namba iliyo juu ya hali halisi mara nyingi zaidi kuliko weupe. Miongoni mwa vipimo vilivyosoma kati ya 92 na 96, upungufu mkubwa wa oksijeni uliofichika ulikutwa katika asilimia 11.7 kwa wagonjwa weusi na 3.6 kwa weupe. Siwezi kudai kwamba ndiyo iliyotokea kwa Bi Z. Ila tangu siku ile, nikisikia 94 ya mtu mweusi anayelala kwenye kiti, naisikia tofauti.

Uchambuzi: kilichofanya kazi, na kwa kiasi gani ni bahati

Kupiga simu sisi wenyewe kulifanya kazi. Namba inayomsubiri mgonjwa apige inamtwika mgonjwa kazi ya kuamua kama anaumwa vya kutosha, na Bi Z. asingeamua hivyo sikukuu. K. alijaribu, akasubiri, akakata tamaa mbele ya mama anayemsihi aache. Simu ya saa 4 ilimkuta bila yeye kumsumbua mtu.

"Mtu yuleyule kila siku" nilikivunja mimi mwenyewe siku ya pili, na nilikivunja kwa faida. Ninachobaki nacho ni nusu ya kanuni: mtu mmoja aijue kaya, lakini wa pili asome maelezo kila usiku. Mwenzangu aliandika kile alichoambiwa kuhusu kiti. Aliandika bila kujua uzito wake, na hiyo ni sifa yake. Wangapi wangeliacha jambo hilo kwa kuwa halina kisanduku?

Kwamba aliyesoma alikuwa na bibi mwenye pumu na anajua Kiswahili, hiyo ni bahati tupu. Haikuwa kwenye mpango wowote. Halmashauri ilikuwa na mkataba wa wakalimani kwa simu, lakini mkalimani huitwa pale fomu inaposema mteja hajui Kiingereza, na Bi Z. anakijua. Hakuna kisanduku cha mtu anayejua lugha yako ila anaumwa kwa lugha yake.

Uamuzi wa 999 ulijadiliwa Januari. Muuguzi aliyehudhuria alisema angefanya hivyohivyo. Bosi wangu alisema, na sikumbishia, kwamba safari hii nimepatia, na kwamba mtumishi wa halmashauri akizoea kuamua hivyo iko siku atakosea kwa mwelekeo mwingine. Tulichopata ni namba ya moja kwa moja ya daktari wa zamu kwa ajili ya wapiga simu wetu wakati wa mwaka mpya. Ilitumika mara moja.

Upande wa fedha sina cha kujivunia. Pauni 500, pauni 30 na ruzuku ya kaunti zilikuwa mifuko mitatu kwa kaya moja yenye shida moja, na kila mfuko ulitaka K. ajieleze upya. Tulipaswa kuuliza kuhusu mita ile Jumatano, kwenye simu ya kwanza. Sasa tunauliza.

Fomu yetu ya wilaya ilibadilika tarehe 30 Desemba. Taarifa zake, hata hivyo, huingia kwenye mfumo wa kaunti, na mfumo huo haukubali kuhifadhi rekodi bila kujaza kisanduku cha "Hali ya afya". Kukiondoa kunahitaji idhini ya kamati ambayo wakati naandika kumbukumbu hizi ilikuwa haijakaa. Kwa hiyo wapokea simu huuliza yale maswali mapya, huandika majibu kwenye "mengineyo", kisha, ili kompyuta iwaruhusu kuendelea, wanaweka alama kwenye "nzuri".